Naomba ushauri: mama ana mrija wa nyongo, upasuaji umeshindikana

Wakuu, heshima kwenu.

Mama yangu ana miaka 81, tunaishi naye Tabata. Moyo wake umechoka na sukari anayo, hivyo mfuko wa nyongo ulipovimba kwa sababu ya vijiwe, madaktari walisema hatahimili nusukaputi. Wakamchoma ganzi ubavuni na, kwa kuongozwa na altrasaundi, wakapitisha mrija unaotoa nyongo hadi kwenye kifuko cha nje. Homa ilishuka, namshukuru Mungu.

Sasa ni wiki ya tano. Naupitishia maji ya chumvi ya hospitali kama nesi alivyonifundisha, na kila siku naandika kiasi kinachotoka. Shida ni joto hili la Dar: plasta inabanduka kwa jasho, na juzi aliulalia mrija, nusura uchomoke. Ndugu wanataka utolewe tu. Daktari anasema kwanza apigwe picha, dawa ikipitishwa mrijani, aone kama njia ya nyongo imefunguka.

Mliowahi kuuguza mgonjwa wa hivi, mliufungaje mrija usichomoke usiku? Na ulipotolewa, maumivu yalirudi?