Kuwatafuta mliosoma nao sekondari: WhatsApp, Facebook au kukutana shuleni?

Njuka91: Wakuu, habari za leo. Tulimaliza kidato cha nne 1994, shule ya bweni Tabora. Tupo wachache hapa Dar, tunataka kuwakusanya wenzetu. Mmoja anasema tufungue kundi la WhatsApp, mwingine Facebook, mimi natamani turudi wote shuleni siku moja. Mliopitia haya, kipi kinafaa?

Kibuyu: WhatsApp, mkuu. Watu wote wapo huko, na siku hizi kundi linabeba hadi 1,024, si 256 kama zamani. Ila jiandaeni. Letu lilianza kwa kukumbushana majina ya utani, kufumba na kufumbua likawa la michango: harusi, kipaimara, ada. Uchaguzi ulipofika ndiyo tukagawanyika kabisa.

MamaPacha: Mimi nilisoma shule ya wasichana, Facebook haikutufaa kitu. Wengi wetu tunatumia majina ya waume! Unamtafuta mtu kwa jina la babake, kumbe yupo hapo hapo kwa jina usilolijua. Kilichotusaidia ni walimu wastaafu. Yule wa nidhamu, tuliyekuwa tukimkimbia, anakumbuka hadi nani alitoka kijiji gani. Ukishajua kijiji, simu mbili tatu tu umempata.

Kaka_Mkuu_Mstaafu: @Kibuyu tatizo si michango, ni kukosa katiba. Sisi tunachangia msiba wa mwanachama, mwenza, mtoto au mzazi, basi. Harusi kila mtu na kadi yake. Mweka hazina asiwe admini, na akaunti iwe na watia saini watatu. Siasa ni marufuku, anayekaidi anatolewa hata kama alikuwa kiranja.

Mtoro_Sugu: Mnasahau kuna watu hawataki kupatikana. Nilikaa miaka nikiona namba za wenzangu sipigi, maana swali la kwanza ni "siku hizi upo wapi, unafanya nini?" na mimi sikuwa na la kujibu. Wakaandaa mkutano hotelini, kiingilio laki moja. Nani aende? Walipohamishia shuleni, kila mtu na nauli yake na chakula cha pamoja, nikaenda. Tulikula ugali maharage uleule, safari hii bila wadudu.

MamaPacha: @Mtoro_Sugu 😂 umesema kweli lakini.

Kaka_Mkuu_Mstaafu: Mkienda shuleni mwandikieni mkuu wa shule mapema. Epukeni Mei na Novemba, wapo kwenye mitihani ya taifa. Desemba wamefunga, mtakuta mabweni matupu.

Njuka91: Asanteni sana. Basi WhatsApp kwa kutafutana, katiba kabla ya mchango wowote, kisha Tabora mwezi Julai. SGR hadi Dodoma, halafu basi. @MamaPacha, mwalimu wetu wa nidhamu tunasikia yupo Nzega. Tunaanzia kwake.

Kibuyu: Pelekeni na kilo ya sukari.