Paking Ngamiani, Tanga: upande mmoja na watu walipe, au tuache kama ilivyo?

Fundi Saa: Wadau salama aleikum. Naomba tulijadili hili bila matusi. Jana nilikuwa barabara ya 12 pale stendi ya zamani nataka kufika soko la Mgandini, gari zimepaki kushoto na kulia, katikati pamebaki upenyo wa bajaji moja, mbele kanta inashusha unga, nyuma honi utadhani tunasindikiza bwana harusi. Nusu saa nzima, ningeshuka kwa mguu ningeenda na kurudi. Hoja yangu: barabara za kati watu wapaki upande mmoja tu, saa ya kwanza bure, ukizidisha unalipa, na kanta zimalize kushusha kabla ya saa mbili asubuhi. Mnasemaje?

Duka la Kona: Unasema hivo kwa kuwa huna duka. Mteja akikosa pa kusimama hashuki, anakanyaga mafuta anaenda zake kununua kwengine. Halafu upande mmoja, upande upi? Wangu au wa jirani? Hapo ndo mtapigana.

Mtu wa Kahawa: Wapeane zamu, wiki hii kulia wiki ijayo kushoto. Au tarehe ya shufwa na witiri.

Duka la Kona: Mtanga yupi anakumbuka leo tarehe ngapi?

Pwani Kavu: Nyie mnajipa presha bure. Mji wa baiskeli huu, paking za nini? Mwanaume mzima unamkuta juu ya Phoenix kafunga mkungu wa ndizi nyuma anapiga kengele, halafu huku mnajadili paking kama mko Posta ya Dar.

Mama Vitumbua: Ebo! Baiskeli imekukosea nini wewe? Mie mwanamke, buibui langu na baiskeli yangu, nimesomesha watoto watatu kwa vitumbua vilivyopanda keria. Wewe kwenye foleni yako hapo barabara ya 12 nakupita kushoto, nakupita na kurudi, bado umeshika usukani unafuta jasho.

Pwani Kavu: Mama sijakutaja wewe, nimesema mwanaume.

Mama Vitumbua: Huyo mwanaume wa Phoenix ndo alonizaa. Endelea.

Bajaji Sote: 😂😂 Pwani Kavu omba radhi mapema, huyo mama namjua kwa maneno.

Jiji Tangu 2005: Mi sijapenda hilo neno la Posta. Tanga jiji toka 2005, na tena kabla ya hapo, reli ya kwanza Tanganyika ilianzia wapi kama si hapa? 1896 hiyo, wakati wengine bado wanapita na mizigo kichwani.

Mtu wa Kahawa: 1893 ndo ilianza kujengwa. Hiyo 1896 ni ilipofika Muheza.

Jiji Tangu 2005: Muheza si Tanga?

Mtu wa Kahawa: Miaka mitatu kufika Muheza! Basi Fundi Saa usilalamike na nusu saa yako.

Fundi Saa: Jamani mada ni paking. Naomba nijibiwe kitu kimoja. Kaeni pale mtaani toka asubuhi mpaka magharibi mhesabu. Zile gari zinazoziba njia nyingi si za wateja, ni za kwenu wenye maduka. Unafungua saa mbili unaegesha mlangoni, unafunga saa kumi na mbili ndo unaitoa. Hapo pangesimama wateja thelathini, kila mmoja na dakika zake ishirini. Sasa nani anafukuza wateja?

Duka la Kona: "Za kwenu" una maana gani? Gari yangu nimenunua kwa jasho, sikurithi, sikuiba, na kodi nalipa, leseni ya biashara nalipa, taka nalipa, ulinzi nalipa. Ukiona mwenzio ana gari inakuuma, sema, tukuchangie.

Fundi Saa: Sijasema umeiba. Nimesema inakaa siku nzima.

Duka la Kona: Ndo hivo hivo.

Barabara ya Tisa: Mie siuzi kitu, nakaa tu, na nitawaambia ya sisi tunaokaa. Nyumba zetu hizi baraza inashuka barabarani moja kwa moja, hakuna ua wala geti, mtu anakuja anapaki mlango wako anakwenda sokoni, funguo mfukoni, simu haina chaji. Siku tumefiwa na bibi jeneza lilitoka kwa ubavu kwa sababu kuna Noah imebana mlango, wanaume wakalinyanyua juu ya boneti, na mwenye Noah hatujamuona mpaka tumerudi makaburini. Hakusema hata poleni. Toka siku hiyo nimeweka mawe mawili na tairi na hayaondoki.

Bajaji Sote: Pole sana dada. Lakini hayo mawe nayo usiku yanatuvunjia ringi, umeyaweka kwa idhini ya nani?

Barabara ya Tisa: Kwa idhini ya bibi.

Pwani Kavu: Mawe ni uvunjaji wa sheria, barabara ni ya umma. Kila mtu akiweka jiwe lake zimamoto watapita wapi?

Mama Vitumbua: Zimamoto waje na baiskeli.

Dereva wa Kange: Nachangia kidogo. Hiyo saa ya kwanza bure nani ataihesabu? Siku hizi kuna mtu anapita anapiga picha namba ya gari, deni linaingia kwenye mfumo unalipa kwa kontrol namba. Mi kuna mji mmoja, siutaji, nilisimama mbele ya duka la dawa, mtoto ana homa, dakika tatu tu. Karatasi sikupewa. Miezi miwili baadae naambiwa nadaiwa na faini juu. Kwahiyo kulipa sikatai, nilikuwa nalipa Posta pale 500 kwa saa nimekaa kimya, lakini anihesabie mtu ambaye nami namuona na tukubaliane nimeingia saa ngapi.

Fundi Saa: Hoja nzuri hii. Kibao kiwepo na mtu awe na sare.

Jiji Tangu 2005: Na hela ibaki Ngamiani. Mitaro yote kuanzia ya 1 mpaka ya 24 imejaa mifuko.

Mtu wa Kahawa: Mwisho ni barabara ya 21 kaka. Wewe wa jiji gani?

Jiji Tangu 2005: Ilinipita.

Mtu wa Kahawa: Imekupita barabara tatu!

Pwani Kavu: Basi kama ni kulipa walipe wote, na baiskeli pia. Pale sokoni zimeegemezwa ukutani kama hamsini, hupati pa kukanyaga, hizo hazizibi njia?

Mama Vitumbua: Kumbe ulikuwa unaelekea huku. Baiskeli ilipe? Inatoa moshi? Inapiga honi watu wanaswali? Hamsini zikisogeana zinaenea kwenye nafasi ya gari tatu, na kila moja imeleta mtu. Gari zako tatu zimeleta watu wangapi? Watatu, na mmoja amebaki ndani anachat.

Bajaji Sote: Hapo mama umemaliza. Si ndo pakaitwa Ngamiani, ilikuwa paking ya ngamia 😂

Barabara ya Tisa: Ngamia angalau ukimpiga kofi anasogea.

Pwani Kavu: Mi nilitania tu mambo ya baiskeli. Hata mi ninayo nyumbani.

Mama Vitumbua: Aina gani?

Pwani Kavu: Phoenix.

Mtu wa Kahawa: 😂😂😂 nafunga simu.

Fundi Saa: Sasa wangapi wanakubali upande mmoja? Hata tuandike majina tupeleke serikali ya mtaa.

Bajaji Sote: Upande mmoja sawa ila bajaji tusihesabiwe, sisi hatupaki, tunasubiri.

Dereva wa Kange: Kusubiri saa tatu ni kupaki.

Bajaji Sote: Abiria hajaja nitafanyaje?

Duka la Kona: Mama Vitumbua tuyaache haya. Hivo vitumbua unaleta mpaka dukani? Kesho niwekee vya 2,000 saa mbili nikifungua, na bajia kama zipo.

Mama Vitumbua: Naleta baba. Ila saa mbili baiskeli naiegemeza wapi? Hapo mlangoni kwako si inakaa ile Hilux yako.

Duka la Kona: Pitia upande wa pili.

Mama Vitumbua: Upande wa pili kuna kanta ya mzigo wako.