Mradi wa maji kijijini: wenyeji wachague ama injinia aamue?

Baharia_Likoni: Wadau, kule Kinango, Kwale, serikali ikileta mradi wa maji, wanakijiji waachiwe wachague wenyewe kama wataka kisima, silanga (bwawa dogo la kukinga maji ya mvua) ama bomba? Mi naona injinia aamue bana. Baraza la chifu ni soda tu, mzee akishapewa yake apitisha chochote.

Kinango_Damu: Soda?? Babangu yuko kamati ya maji na hiyo soda yako hajaionja. We wa Likoni maji wanunua kwa mkokoteni, watufunza nini?

Baharia_Likoni: Nimesema baraza, sijamtaja babako.

Kinango_Damu: Babangu ndio baraza.

FundiPampu: 😂😂 Hebu tulieni. Pampu ya mkono ya Afridev ilijaribiwa hapa hapa Kwale miaka ya 1980, ikaundwa makusudi mama wa kijiji aifungue abadilishe raba mwenyewe bila kungoja gari la serikali. Sa hizi mtu ashusha sola na tangi kubwa, picha zapigwa, ikiharibika hakuna ajuaye spea zatoka wapi wala pesa ashika nani.

Bi_Mwaka: Mwabishana wanaume watupu. Mwenye kubeba ndoo barazani haji, yuko njiani. Ule upande wa Samburu ya huku Kinango ukichimba aghlabu wapata maji ya chumvi, kila mama ajua, lakini aliyeulizwa ni mumewe ambaye hata chai hapiki, ndo mwaona visima vimeachiwa mbuzi.

Mdawida: Ati kuulizwa! Nyie wa kisiwani Mombasa mwanywa maji ya chemchemi ya Mzima tangu miaka ya 1950, bomba zaidi ya kilomita 200 lapita kwetu Taita Taveta na sie tuna kiu, nani alituuliza?

Baharia_Likoni: Likoni si kisiwani, kwanza. Pili Mzima ni chemchemi ya Mungu, kwani mliichimba nyie?

Mdawida: Na bahari je, mliichimba? Mbona bandari mwasema yenu?

Kinango_Damu: Bandari gani tena, si shughuli zake zilipandishwa treni zikapelekwa Naivasha hadi 2022 ziliporudishwa.

FundiPampu: Jamani maji...

Kinango_Damu: Maji ndio hayo, bwawa la Mwache lajengwa kwetu Kwale, mashamba yametolewa kwetu, na fungu kubwa laja huko Mombasa kwa akina Baharia.

Baharia_Likoni: Likija nitaamini, kwa sasa mfereji wangu watoa upepo.

Mdawida: Upepo nao hamjatulipa.