Mke nesi, mume injinia: nani asimame mbele kwenye maombi ya kwenda nje?

Injinia_wa_Dom
Habari wakuu, naombeni ushauri hasa kwa mlioko Canada na Ujerumani. Mimi nina miaka 34, digrii ya uhandisi ujenzi, nimesajiliwa ERB (bodi ya wahandisi), niko saiti za barabara kwa mkandarasi binafsi. Waifu ana 31, digrii ya uuguzi, yuko hospitali ya serikali na leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai. Mtoto mmoja wa miaka 4. Kutoka tumeshakubaliana, shida ni kila jioni tunabishana nani awe muombaji mkuu. Mimi nasema niwe mimi kwasababu mshahara wangu mkubwa na nina uzoefu mrefu, yeye anasema manesi ndo wanatafutwa dunia nzima, injinia wa barabara nani anamuulizia huko. Alafu kuna ajenti Dar katuambia tumpe milioni 12 atutafutie ofa ya kazi Canada, eti ofa ndo inapandisha pointi. Hela ipo SACCOS ila roho inasita. Mnasemaje?

KanyagaBarafu
Mkuu hiyo hela iache huko huko SACCOS. Pointi za ofa ya kazi kwenye Express Entry (mfumo wa pointi wa kuomba ukaazi Canada) zilifutwa tarehe 25 Machi 2025, zamani ilikuwa 50 au 200 kwa vyeo vya juu, sasa hivi ni sifuri, kwahiyo huyo anakuuzia kitu ambacho wenyewe wameshakitoa. Ofa ya kweli bado ina faida zake, mfano kwenye baadhi ya programu za majimbo, ila mwajiri wa kweli hakutozi wewe.

Sasa kuhusu nani mbele, mshahara wako wa bongo hawauangalii kabisa. Wanaangalia umri, elimu, lugha na uzoefu. Ukiomba na mwenza, umri wa 20 hadi 29 ni pointi 100, kuanzia 30 wanakata 5 kila mwaka, shemeji wa 31 ana 90 wewe wa 34 una 75, yaani ushaachwa pointi 15 kabla hata hujafungua mdomo na mwakani mnakatwa tena wote wawili. Halafu watu wa afya wana droo zao za peke yao tangu 2023, hapo shemeji anakuzidi tena. Ila msiamue kwa maneno, mnaruhusiwa kila mmoja kufungua profaili yake akamuweka mwenzie kama mwenza, mnaziacha zote mbili humo, itakayoitwa ndo hiyo hiyo.

Kinachobeba kila kitu ni IELTS (mtihani wa Kiingereza), na iwe ile ya General sio Academic. Mkipata listening 8 na zilizobaki 7 ndo mmefika CLB 9 (kipimo cha lugha cha Canada), hapo pointi zinaruka kwelikweli maana lugha ikiunganishwa na elimu na uzoefu inaleta pointi za ziada. Watu wengi wanakwama writing 6.5. Fanyeni wote wawili, na mwenza naye ana pointi zake.

Dada_wa_Zamu
Naongezea hapo kwa Canada kidogo kwasababu dada yangu yuko huko, shemeji kuwa mbele kwenye fomu haimaanishi ndo atakayeanza kazi. Nesi nje ya Quebec lazima asajiliwe na bodi ya jimbo atakalokaa na afaulu NCLEX (mtihani wa leseni ya uuguzi), wakati anasubiri wengi wanaishia kulea wazee. Injinia yeye anaweza kuanza kazi chini ya injinia mwenye leseni bila leseni yake, ila asijiite P.Eng (cheo cha injinia mwenye leseni) tu, na Ontario mwaka 2023 walifuta lile sharti la kuwa na uzoefu wa Canada ndo upewe leseni. Kwahiyo kaka unaweza kuingia kwa jina la mkeo halafu wewe ndo ukalipa kodi ya nyumba mwaka wa kwanza. Bora mliongee hilo mkiwa bado Dodoma.

Mimi mwenyewe ni nesi, niko Ujerumani, na huku hakuna mambo ya muombaji mkuu kama Canada, kila mtu na njia yake. Shemeji akitangulia, vyeti vyake vinalinganishwa na mtaala wao, wanamtolea barua ya mapungufu, anachagua kozi ya kujazia au mtihani, na leseni kamili kwa kawaida inadai Kijerumani cha kiwango cha B2 (ngazi zinaanzia A1 hadi C2). Goethe (taasisi ya Kijerumani) pale Dar wanafundisha lakini mtu anayetoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi akapitilize darasani kujifunza der die das, jamani, sio kitu cha miezi mitatu, wanaowaambia hivyo wanatafuta ada. Wewe ukimfuata kama mume, kudaiwa Kijerumani cha A1 au la inategemea aina ya kibali chake.

Ukitangulia wewe inageuka. Ukipata kazi ya uinjinia inayofikia kima cha mshahara cha Blue Card, kibali cha wataalamu wenye digrii (mwaka 2025 kwa fani zenye uhaba ilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka) na chuo chako kinatambulika kwenye anabin (orodha yao ya vyuo vya nje), mkeo anaingia bila cheti cha Kijerumani na anaruhusiwa kufanya kazi siku hiyo hiyo. Ila uuguzi bado hataugusa mpaka B2. Kingine, kupata ofisi ya ujenzi huku inayoajiri mtu asiyejua Kijerumani ni kazi sana, michoro yote, vikao vyote, mafundi wote ni Kijerumani.

chapa_lapa
Si mwende tu Uingereza, shemeji aingie kwa care (kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa), chap chap mnaenda wote.

Dada_wa_Zamu
@chapa_lapa hiyo ya care imefungwa kwa waombaji wa nje tangu 22 Julai 2025, na hata kabla, kuanzia Machi 2024 walikuwa hawaruhusiwi kuja na mume wala watoto. Nesi mwenye usajili wa NMC (baraza la manesi la Uingereza) ndo bado anaweza kuja na familia. Tusimpoteze mtu.

Injinia_wa_Dom
Aisee nimemsomea waifu amecheka, kasema niendelee kubisha. Tumeamua Canada kwanza, profaili mbili. Swali la mwisho, barua ya uzoefu. Waifu ameomba hospitalini kapewa barua ya mistari miwili, "ni mtumishi wetu tangu 2018, tunamtakia kila la heri", basi. Hii inatosha?

KanyagaBarafu
Haitoshi, watawakataa nayo. Lazima iwe na cheo, tarehe, majukumu, masaa kwa wiki, mshahara na marupurupu, kwenye karatasi yenye nembo, sahihi ya mkubwa wake na namba ya kumpigia. Andikeni rasimu wenyewe mumpelekee afisa utumishi, asome, arekebishe, aweke muhuri, huko serikalini ndo inavyokwenda haraka. Transkripti chuo chenyewe ndo kitume WES (wanaolinganisha vyeti vya nje na vya Canada), wewe ukituma hazipokelewi, kwahiyo fuatilia kwa msajili mpaka uone bahasha imegongwa muhuri pale inapofungwa. Na angalia majina, kama cheti cha form four kina jina la babu na pasipoti haina, deed poll (hati ya kubadili jina) itoke sasa hivi kabla hujafungua faili lolote. Cheti cha ndoa cha kanisani nacho hakikisha kipo RITA.

Injinia_wa_Dom
Cha form four kina jina la babu kweli. Kesho naanza na wakili.