Mrejesho: Kabureta ya Land Rover la marehemu mzee imeacha kuvuja

Wakuu habari, mimi ndo yule wa Moshi nilieuliza kuhusu Land Rover Series III ya petroli alotuachia marehemu mzee, kabureta ile ya Zenith (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) ilikua inavuja mafuta yanadondokea juu ya eksozi manifodi, yani bomba la moshi linalotoka kwenye injini, fundi mmoja akasema tuitupe tufunge ya gari ingine. Alieniambia nicheki floti kwanza, yani kile kiboya cha ndani ya kabureta, Mungu ambariki sana.

Nikaenda kwa fundi mzee pale Majengo, akaifungua, akaitoa floti akaitikisa sikioni, petroli inacheza ndani! Akaizamisha kwenye maji ya moto vipovu vikaanza kutoka pembeni kwenye kiungio, yani ina ufa, badala ya kuelea inazama, so ile sindano inayoziba njia ya petroli haifungi na mafuta yanaendelea kuingia tu mpaka yanafurika. Sindano nayo ncha imelika, ukipitisha kucha unausikia mfereji kabisa.

Ila mimi kilichonifurahisha ni mfuniko wa juu, ulikua umepinda, akauchora mistari ya peni, akaweka msasa laini juu ya kioo akausugua taratibu hadi mistari yote ikafutika, yani umenyooka, ndo akafunga gasketi mpya. Ufundi huo vijana waufate jamani.

Floti na sindano nilizipata Arusha. Sasa hivi pakavu, harufu hakuna, Marangu tumepanda nalo fresh. Kilichobaki ni sailensa, yani ule mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda inashuka injini ikiwa ya baridi, mwenye uzoefu na hizi Zenith anielekeze nianzie wapi.