Taa ya oili imewaka Mombo: gumzo la kikundi cha ukoo, Tanga

JUMAMOSI

Ami Athumani: Assalaam aleykum wanangu. Tumesimama Mombo, tumetoka Lushoto. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ya gari imewaka. Bakari fundi wetu, upo hewani?

Shangazi Mwanaisha: Waaleykum salaam. Yarabi! Nyote wazima lakini?

Ami Athumani: Wazima, alhamdulillahi. Mama Zainabu yuko kivulini na magunia yake ya karoti.

Bakari: Shikamoo Ami. Zima injini kwanza, ndipo tuzungumze.

Ami Athumani: Marahaba. Nimeshazima.

Hamisi: Ami ongeza oili uje nayo polepole mpaka Korogwe, taa hizo husumbua tu

Bakari: Hamisi ndugu yangu, hapana. Taa ile haiwaki mapema. Kwa gari nyingi swichi huiwasha presha ya oili ikiwa imeshuka hadi psi (kipimo cha presha) 3 au 7 hivi, wakati injini yenye moto barabarani hutakiwa kuwa na 30, 40 au zaidi. Ikiwaka ujue huko juu oili imeshakuwa haba. Na gari ya Ami ina tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo haikukalia kitu ila utando wa oili. Utando ukikatika kwa mwendo ule, chuma kinakula chuma. Korogwe hafiki na tabo nzima.

Zainabu: Kaka Bakari unanitisha. Baba usiiwashe tena tafadhali

Bakari: Ami, gari iko tambarare? Ngoja oili ishuke kama dakika 10, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Nataka kujua imefika wapi, rangi gani, na harufu yake.

Shangazi Mwanaisha: Athumani kaka yangu, umekula?

Ami Athumani: Tumekula Soni, dada.

Ami Athumani: Bakari, oili iko karibu na alama ya juu. Nyeusi kama lami. Dizeli hainuki.

Bakari: Vizuri. Basi haikupungua wala haikuchanganyika na dizeli. Kama nozeli, ile inayopulizia dizeli ndani ya silinda, ingekuwa inavujishia dizeli kwenye oili, kipimo kingepanda na oili ingekuwa nyepesi kama maji. Sasa nieleze, taa ilianza wapi, na ilikuwa inafanyaje?

Ami Athumani: Ilianza kabla ya Soni. Tuliposimama kula tukazima, kuwasha tena taa hakuna, nikadhani imepona. Tukaendelea kuteremka kwa gia ya pili, injini inanguruma, ikawaka tena. Nikipunguza resi inazimika.

Bakari: Ami, hilo ulilosema ndilo nililokuwa nalitafuta. Shika hapo hapo usisogee. Natafuta bredauni ije ikuvute.

Ami Athumani: Hapa kuna kijana ana swichi ya oili mkononi, anasema dakika tano anabadilisha. Mwenzake anasema tumwage, tuweke 20W-50 iwe nzito.

Bakari: Washukuru wote wawili, usinunue. Swichi yaweza kuwa mbovu, sikatai, hutokea sana. Lakini ukiibadilisha bila kupima unabahatisha kwa injini nzima. Na oili nzito itapandisha namba bila kuponya ugonjwa. Kama njia ambayo pampu inavutia oili imeziba, oili nzito ndiyo itapita kwa shida zaidi, na asubuhi injini ikiwa baridi tabo itakaa kavu kwa muda mrefu zaidi.

Hamisi: Sasa mbona ikipunguzwa resi taa inazimika? Mimi najua presha hupanda ukikanyaga

Bakari: Ndiyo maana nimemwambia asisogee. Nikishapima nitakueleza, nisije nikasema jambo sijalishika.

Zainabu: Mama na magunia wanakujaje?

Ami Athumani: Tumepata basi la Tanga. Mama yako anapanda na karoti, kabichi na peasi. Mimi nakuja na gari.

Shangazi Mwanaisha: Ashukie Kange, Hamisi atamfuata. Hamisi umesikia?

Hamisi: Nimesikia Shangazi

Bakari: Bredauni wanataka laki tatu na nusu mpaka gereji Makorora. Nimewabembeleza hawashuki. Ami, kubali tu.

JUMAPILI

Mama Mkubwa: 🎤 Sauti 0:41

Zainabu: Kwa wasioweza kufungua: Mama Mkubwa anauliza gari imekutwa na nini, na anasema peasi zimefika nzuri, kila nyumba itume mtoto achukue fungu lake.

Bakari: Shikamoo Mama Mkubwa. Nimeanza na geji, maana geji haina ushabiki. Nimetoa swichi ya oili, palepale nikafunga geji ya presha ya mkono. Kabla ya kuwasha nilibadilisha oili na filta ili nisiitese injini, na ile filta ya zamani nikaipasua kwa msumeno, nikaikunjua karatasi yake juani. Nilikuwa natafuta vumbi linalong'aa. Rangi ya shaba au fedha ndani ya filta ni beringi za krenki zinalika, na hapo habari inakuwa ya kushusha injini. Sikuona. Nimeona masizi tu, mengi, na chenga ngumu nyeusi kama mkaa uliosagwa.

Ami Athumani: Alhamdulillahi kwa hilo la beringi.

Bakari: Geji sasa. Injini baridi, sailensa, yaani inanguruma yenyewe bila kukanyagwa: psi 38. Nimeiacha ipate moto kabisa: 14. Nikapandisha resi mpaka mizunguko 2,000 kwa dakika, mshale ukapanda hadi 22, nikaishikilia hapo. Mshale ukaanza kutetemeka, ukashuka 15, ukashuka 9. Nikaachia. Nikazima robo saa, nikawasha: imerudi sawa! Nikapandisha tena: ikashuka vilevile.

Hamisi: Inatakiwa iwe ngapi?

Bakari: Kila gari ina namba zake kwenye kitabu cha ufundi, na hizo ndizo za kufuata. Mafundi tuna kipimo cha haraka: psi 10 hivi kwa kila mizunguko 1,000 injini ikiwa na moto. Kwa 2,000 nilitegemea 20 na zaidi, na ibaki hapo hapo.

Hamisi, swali lako la jana. Pampu ya oili haitengenezi presha, inasukuma oili. Presha inatokea kwa sababu oili inabanwa kwenye nafasi finyu za beringi. Beringi zikilika nafasi inatanuka, oili inapita ovyo. Hapo presha inakuwa mbaya zaidi kwenye sailensa injini ikiwa moto, na ukikanyaga inapanda. Ya Ami ni kinyume. Sailensa inajikongoja, ukikanyaga inakufa. Maana yake pampu inataka oili nyingi na haipewi. Ni kama kunywa dafu kwa mrija wenye nyama ya nazi: ukivuta taratibu unapata, ukivuta kwa nguvu nyama inaziba mdomo wa mrija. Ukiacha kuvuta inaanguka, ndiyo sababu pale Soni, gari ilipopumzika, ikaonekana imepona.

Hamisi: Aaah. Kwa hiyo ni strena, ule wavu wa kuchujia oili inayovutwa na pampu, ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini

Bakari: Ndiko ninakoelekea. Valvu ya kupunguzia presha iliyokwama wazi nayo hushusha, na pampu iliyolika pia, lakini hizo hazirudi sawa kwa kupumzika. Kesho naingiza kamera ya waya kwenye tundu la kumwagia oili, niione kabla sijafungua kitu.

Zainabu: Allah akuzidishie kaka

Shangazi Mwanaisha: Aliyechukua sinia langu la shaba kwenye hitima alirudishe. Samahani kwa kuingilia.

JUMATATU

Bakari: 📷 Picha
Hiyo ndiyo strena. Wavu hauonekani, umevaa gamba jeusi, nimeacha upenyo mdogo tu upande mmoja mwone chuma chake. Nimeshusha sampu, nimeikwangua, nimeiosha kwa dizeli na kuipuliza.

Ami Athumani: Subhanallah. Na oili nabadilisha kila muda wake! Uchafu huu umetoka wapi?

Bakari: Ami, hujakosea servisi. Umetoka juu, kwenye nozeli. Kila nozeli inakalia wosha ndogo ya kuzuia moto wa silinda usipande. Wosha ikichoka, moto na masizi vinapenya pembeni ya nozeli, vinaingia chini ya kava ya valvu, vinaipika oili. Oili iliyopikwa inageuka chenga, chenga zinashuka kwenye sampu, pampu inazivutia kwenye strena. Injini nyingi za dizeli za presha kubwa zina ugonjwa huu. Ningeosha strena nikakurudishia gari, baada ya miezi ungerudi Mombo.

Nimefungua kava: nozeli ya silinda ya 3 ina lami nyeusi pembeni yake. Ami, injini ikiwashwa alfajiri ilikuwa inagonga kidogo halafu inatulia?

Ami Athumani: Inagonga, ndiyo. Nikadhani ni baridi tu ya asubuhi.

Bakari: Ndiyo yenyewe. Naweka wosha mpya zote 4, za zamani hazirudi hata kama zinaonekana nzima. Vikalio navisafisha, na kila nozeli inarudi kwenye silinda yake ileile.

Hamisi: Tabo je? Mtaani wanasema gari ikila oili au ikishuka presha ni tabo imekufa, badilisha tabo kwanza

Bakari: Hilo linaniuma sana Hamisi, maana watu wanamaliza pesa hapo. Tabo ndiyo inayoumia, mara chache sana ndiyo inayoumiza. Ukifunga tabo mpya juu ya strena iliyoziba, nayo itakufa, na dukani watasema umeifunga vibaya. Nimetoa paipu ya hewa, nimeshika ncha ya shafti. Kwenda kushoto na kulia inacheza kidogo, hiyo ni kawaida, inahitaji nafasi ya oili. Kuingia na kutoka haichezi. Mapanga hayajagusa nyumba yake. Moshi wa bluu hakuna. Kuzima mapema kumeiokoa.

Nimetoa pia paipu ndogo inayoipelekea oili na ile nene ya kurudishia. Ya kurudishia ilikuwa na gamba, nimeisafisha. Ile ikiziba, oili inakosa pa kushukia, inapenya kwenye sili, na gari inatoa moshi wakati tabo ni nzima.

Zainabu: Lini itawaka?

Bakari: Kesho. Kwanza natoa fyuzi ya mafuta, nazungusha kwa stata bila kuwaka mpaka geji ionyeshe presha, ili tabo isizunguke kavu.

JUMANNE

Bakari: Imewaka. Injini moto, geji bado imefungwa: sailensa 19, mizunguko 2,000 ni 37. Nimeshikilia dakika tatu, mshale haukutetemeka. Nimekwenda nayo Pongwe na kurudi, nimepima tena, ni vilevile. Swichi ya zamani nimeirudisha, haikuwa na kosa.

Ami Athumani: Mwanangu Bakari, Mola akulipe. Nije na pesa jioni?

Bakari: Njoo Ami. Lakini masizi ya zamani bado yamegandia ndani, hayatoki kwa siku moja. Oili hii imwagwe baada ya kilomita 1,000, na filta nayo. Usikubali dawa ya kuosha injini, itabandua magamba yote kwa mpigo yashuke kwenye strena. Nikimwaga nitaingiza kamera tena. Na ukitoka safari ndefu au ukimaliza kupanda mlima, iache sailensa dakika moja mbili kabla ya kuzima, tabo ipoe huku oili inapita.

Hamisi: Kaka, Hiace ya bosi wangu taa inawaka ikiwa moto kwenye sailensa, ukikanyaga inazimika

Bakari: Hiyo ni habari nyingine. Ilete kesho asubuhi nifunge geji, na mwambie bosi asiipeleke Horohoro leo.