Una wastani na mkengeuko sanifu tu: utumie mgawanyo upi kwa muda wa kusubiri?

Takwimu_Moro: Wakuu, salaam. Naandika ripoti ya foleni ya wagonjwa wa nje kwenye kituo kimoja cha afya. Data ghafi sina. Nilichopewa ni wastani wa kusubiri, dakika 40, na mkengeuko sanifu (namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani), dakika 30. Wagonjwa ni kama 200 kwa siku. Wangapi wanavuka dakika 120? Nitumie mgawanyo gani, yaani umbo gani la jinsi muda unavyosambaa kati ya wagonjwa?

Kibo77: Normali, mkuu, ule wa umbo la kengele. Mwanafizikia Jaynes alipendekeza mwaka 1957 tuchague, kati ya migawanyo inayokubaliana na tunachokijua, ule wenye entropia (kipimo cha kutokuwa na uhakika) kubwa kuliko yote, tusijitungie mengine. Ukijua wastani na mkengeuko, unaangukia normali. Ukijua wastani peke yake na kwamba namba haishuki chini ya sifuri, ni eksponensha, unaoanza juu na kushuka taratibu. Mipaka miwili tu, basi mgawanyo sawia, kila thamani ina nafasi sawa.

BintiHesabu: Kaka Kibo, kanuni nakubali, ila kuna taarifa umeiacha: muda hauwi hasi. Normali ya 40 na 30 inatupa asilimia 9 ya wagonjwa chini ya sifuri. Ukiikata hapo, wastani unapanda, inabidi utafute vigezo upya. Na swali la mwenzetu liko kwenye mkia wa kulia, yaani wanaosubiri muda mrefu sana, ambako normali ni dhaifu zaidi. Nimepiga hesabu ya kuvuka dakika 120, pamoja na gama na logi-normali, migawanyo isiyoshuka chini ya sifuri na yenye mkia mrefu kulia:

normali 0.4%
gama 2.2%
logi-normali 2.4%

Kwa wagonjwa 200, normali inasema hata mmoja hatimii. Hizo mbili zinasema wanne au watano kila siku, na hao ni watu wamekaa kwenye benchi wakiumwa. Kwenye foleni wengi hutoka mapema, wachache hukwama sana. Chukua gama.

Mzee_wa_Namba: Wanangu, mkikataa kuchagua kabisa, kanuni ya Cantelli inatosha: inatoa kikomo cha juu kwa wastani na mkengeuko tu. Kutoka 40 hadi 120 ni dakika 80, gawanya kwa 30, upate 2.67. Moja gawanya kwa (1 + 2.67²) ni asilimia 12.3. Mgawanyo uwe wowote, hawazidi 24 kati ya 200. Iandikeni kwenye ripoti. Kutoka 5 hadi 24 ni pengo mnaloliziba kwa dhana, si kwa data.

Pembetatu: Ungekuwa na makadirio ya chini, ya juu na ya kawaida ningesema PERT, mgawanyo unaojengwa kwa makadirio hayo matatu. Hapa haina kazi.

BintiHesabu: Shikamoo mzee, hiyo ni kweli. Takwimu_Moro, waombe namba moja zaidi: mediani, muda wa mgonjwa wa katikati ukiwapanga kwa muda. Normali inatabiri 40, gama kama 33, logi-normali 32. Wakikupa 33, normali imeondoka. Kutenganisha hizo mbili nyingine haitasaidia, lakini kwa swali lako majibu yao yanakaribiana.

Takwimu_Moro: Asante dada, asante mzee. Naweka gama kwenye jedwali na kikomo cha Cantelli safu ya pembeni. Mediani nimeomba, daftari la mapokezi lipo, wanaanza kulipitia kesho.